Kilio Yangu, Baliiuzisha Mara Mbili

Mama ya mwenzangu alisimama katikati ya sale, ukumbi ya parokia, mbele ya mutaa yote ya Kapata, akaninyooshea kidole na kuniuliza: "Njo vile ulisema ile siku? Njo vile ulisema, na mi nimekushika kichwa?"

Nyuma yake, ku ukuta penye filimu ilikuwa inapita, sura yangu mi mwenyewe ilikuwa kubwa sawa mulango ya hangari. Balikuwa bameipaka macho nyekundu. Mudomo ilikuwa inafunguka na kufungika, na sauti yenye ilikuwa inatoka mule haikuwa yangu, ilikuwa ya mutu mwenye anaongelea ndani ya pipa: "Mutoto wako nilimukula. Nilimutoa kwa bale ba chini, juu mi nirudie."

Batu balipiga kelele. Bengine balicheka. Kijana mumoja ku viti bya nyuma akalalamika: "Ongezeni sauti, huku hatusikie ule mulozi, ule muchawi!"

Lakini mama hakukuwa anaangalia mi wa ku ukuta. Alikuwa anajiangalia yeye mwenyewe, juu alikuwako pale pia, kitambaa yake ya maua kichwani, mikono yake mibili inashika kichwa yangu yenye vumbi.

"Mama," nilimuambia, "ile sauti si yangu."

"Na kile kitambaa, si yangu? Na ile mikono, ni ya nani?"

Akakamata kikapo yake akatoka, na batu balisogeza viti kumupisha sawa vile banapisha sanduku ya mufu. Kisha macho yote ikageuka kwangu. Ingebakia kwangu mupaka leo kama muyomba wangu, ndugu ya mama yangu, hakutokea ku ukuta, anakimbia tena na sahani yake ya bukari, ugali yetu, mukononi. Sale yote ikacheka, na mi nikasahauliwa.

Sasa nirudi nyuma, juu mwenye hakuwako atazani mi ni muzimu wa kweli mwenye analalamika juu hakupewa kiti ya mbele.

Mi ni mutoto wa Kapata, hapa Kolwezi. Tata ya tata yangu, babu yangu, balimuleta na treni toka Kasai, na blanketi moja na sahani ya chuma, akachimbe shaba ya kompani. Tata yangu alichimba shaba ya ile ile kompani. Balitujengea nyumba ku mistari, zote sura moja, mupaka mulevi aliweza kuingia kwa jirani, akakula, akalala, na asubui akashukuru bibi mwenye si yake. Kisha kompani ikakohoa, ikalala, na siye batoto ba batumishi tukaingia mu mashimo na nyundo na musumari mukubwa, kila mutu na bahati yake. Masomo niliacha mapema. Ninaandika vile ninaongea. Mwenye eko na kalamu ya kusahihisha asahihishe ya kwake.

Mwenzangu wa shimo alitoka Sandoa na mama yake, mujane, bakapanga byumba bibili nyuma ya nyumba yetu. Yeye alikuwa anachimba mbele, mi nilikuwa ninavuta mifuko. Alikuwa mutu wa kuchekesha. Siku udongo ulishuka, ulishuka kati yetu: yeye upande ya ndani, mi upande ya kutokea, lakini nyuma yangu pia kulikuwa kumefungika. Nikasikia nyundo yake inagonga ku jiwe. Nikagonga pia. Kisha sauti yake ikanifikia, kidogo sawa redio ya jirani: "Mukubwa! Ukitoka mbele yangu, ambia mama asiuzishe jogoo yangu. Ninamujua, akilia anauzisha bitu!"

Tuliongea vile, tukagonga vile, mupaka midomo ikakauka na tukaanza kugonga tu. Chini hakuna jua ya kukuambia ni siku gani. Mwisho bachimbaji ba shimo ya pembeni balitoboa upande yangu, bakanivuta na miguu sawa mbuzi mwenye amekataa. Kitu ya kwanza nilibaambia ni: "Ule mwingine anagonga bado. Leteni mashini ya kufukua udongo."

Bakaangaliana. Mumoja akasema: "Mashini ni ya koperative. Na prezida ya koperative eko kwako."

"Anafanya nini kwangu?"

"Eko ku kilio."

"Kilio ya nani?"

Bakaanza kukusanya nyundo zao.

Kumbe huku inje prezida ya koperative, mukubwa wa ushirika ya bachimbaji, alikuwa amekwisha kutangaza: babili bamekufwa, Mungu abapokee, kazi iendelee. Na huku kwetu, patron, mukubwa wa kazi, akisema umekufwa, umekufwa. Maiti itafuata ikipata nafasi. Familia zibili zikaweka kilio moja, ni kusema matanga moja, mu kiwanja yetu, juu nyumba ni moja. Bamama ku mikeka, batata ku viti bya plastike, koro, baimbaji ba kanisa, mifuko ya bunga. Na kameramani.

Lazima nieleze kameramani, juu mambo yote inatoka kwake. Kwetu kilio bila kamera ni sawa mutu amezikwa kwa siri. Si kwa kujionyesha, hapana, ao si kwa kujionyesha tu. Kilio ikiisha, familia inaikaa, inaweka video, inaangalia nani alikuya, nani alitoa machozi, nani alileta nini. Pa avenyu yetu shemeji mumoja aliapa mbele ya bote kama yeye njo alileta mbao ya sanduku. Bakarudisha video: anaingia mikono mitupu, anakula, anatoka, anarudia, anakula tena. Ile palabre, ile mabishano, iliisha siku ile ile, na bibi yake alikaa mwezi bila kumuongelesha. Tangu pale, mu Kapata mutu akikuambia "tutaangalia ku video", unanyamaza. Mutu anaweza kudanganya, pastere anaweza kudanganya, lakini video ya kilio, hapana.

Basi nilikataa hospitali nikaenda kwangu na miguu yangu, mutu mumoja ananishika huku, mwengine huku, juu prezida alikuwa kwangu na mashini ilikuwa yake. Ilikuwa saa sita ya mchana. Nilikuwa na vumbi toka nywele mupaka kucha, damu imekaukia ku sikio. Sikufikiri juu ya sura yangu. Nilikuwa ninafikiri mashini.

Pastere alikuwa anahubiri ufufuko. Sisemi kwa kumuchekea, video iko: alikuwa amefika pale penye jiwe inabingirika, mukono juu, jasho inatoka. Akaniona mi wa kwanza. Ule mutumishi wa Mungu, mwenye amefundisha ufufuko maisha yake yote, aliruka nyuma ya bafle, ile spika kubwa, na kushika waya sawa kamba ya kengele. Koro ikaacha ngoma. Muyomba wangu, mukubwa wa kilio juu muke wangu alikuwa ameenda zamani na mutu wa Tenke mwenye mushahara, akaruka lupango, ukuta ya kiwanja, na sahani ya bukari mukononi, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, haikumwangika ata kidogo. Mupaka leo mi ninaheshimu ile sahani kupita muyomba.

Babili tu hawakukimbia. Wa kwanza, kameramani. Sisemi ni bushujaa. Alikuwa anaangalia kupitia katundu ya kamera, na mu katundu muzimu ni mudogo. Wa pili, mama ya mwenzangu. Ule alinikimbilia. Akanishika kichwa na mikono mibili, akasema: "Na wangu? Na wangu?"

Nikasema, na nilisema kwa nguvu juu prezida, mwenye alikimbia na kurudia, alikuwa nyuma yake na buti zake nyeupe: "Wako eko muzima! Anagonga! Prezida, fungueni upande ya chini, eko muzima, nimemuacha anagonga!"

Mama akaanguka. Hakukuwa amekula tangu kilio kuanza. Bamama benye balirudia bakamubeba ndani, na toka pale hakumbuke kitu ingine ya ile siku: mikono yake ku kichwa yangu, kisha giza.

Prezida aliangalia batu, akatabasamu vile banatabasamia mulevi ku arusi. "Masikini, amechanganyikiwa. Bachimbaji bakitoka banaongea vile. Mumupeleke hospitali." Nikalia, nikatukana, nikamushika shati. Bakanibeba. Kamera ilikuwa inatembea.

Mashini yake ilifika ku shimo kweli, wakati mi nilikuwa ninalala na serumu mu mukono. Haikufungua. Ilisukuma udongo, ikafunga yote, ikasawanisha bizuri sawa uwanja ya mupira. Balisema ni juu ya usalama. Usalama ya nani, sikuelezwa.

Video ya ile kilio familia haikuikaa kuiangalia. Kameramani alikuwa ameiuzisha kwa pastere. Pastere alikuwa ametoka nyuma ya bafle na wazo: tutafanya filimu. Alikuya kuniona ku hospitali na machungwa. "Ndugu, itakuwa ushuhuda. Mungu atatukuzwa." Mi nikaitika, juu mutu mwenye ametoka chini ya udongo hakatae machungwa.

Parti ya kwanza, ile sehemu ya mbele, niseme ukweli, ilikuwa filimu. Balifanya kazi. Jirani yetu aliigiza Kifo, amejipaka bunga usoni, na batoto bake hawakulala naye mu nyumba kwa muda. Kulikuwa shimo ya kuchora, moshi ya matairi, mwanamuke mulozi mwenye alikuwa anakula simenti. Mwisho njo kilio yangu ya kweli ikaingia, na nyimbo ya koro juu yake toka mwanzo mupaka mwisho, hausikie mutu anasema nini. Ikaonyeshwa Kolwezi, Fungurume, mupaka Sandoa kwa mama. Pale pastere anaruka nyuma ya bafle balikata, bakaweka mawingu.

Nikakuwa mufu mwenye banapenda. Nilikuwa nimeanza kuziba matairi pa mubeluko, kona ya kuingia Kapata, juu mapafu haikutaka tena shimo, na batu balikuwa banatobolesha tairi kwa kusudi juu mufu abazibie. "Mufu, weka hewa!" "Mufu, kule chini kuko baridi?" Nilikuwa ninajibu: "Kule chini hakuna bateja basumbufu." Tuliishi.

Na kila siku, mchana ikipita, mama ya mwenzangu alikuwa anakuya na dumu yake ya munkoyo, kinywaji ya mahindi, anauzisha kwa bamotari, bale ba pikipiki, kisha anaikaa pembeni yangu. Mi nilikuwa mutu wa mwisho mwenye alimusikia mutoto wake. Aliniuliza kitu moja tu: "Alikuwa anagonga namna gani?" Nilikuwa ninakamata ufunguo ya chuma ya kufungulia tairi, ninagonga ku ringi ya kinga, ya baiskeli. Anasikiliza, macho chini. Anasema: "Ee. Njo yeye." Anatia munkoyo mu kikombe, ananipa. Haikuwa maisha makubwa, lakini ilikuwa yetu babili, na hakuna mwengine mu Kolwezi yote mwenye alikuwa nayo.

Kisha bakatundika afishi, karatasi ya tangazo, ya Parti ya Pili.

Ku afishi nilikuwa mi, na meno ya imbwa. Chini balikuwa bameandika "Anarudi na Hasira". Nikamuuliza kijana mwenye alikuwa anatundika: "Mi nimerudi na hasira lini? Ni nani alinipiga picha?" Akaangalia afishi, akaniangalia. "Tata, si hukuigiza?" "Sikuigiza." "Basi ni mwenye anafanana na weye." Akaendelea kupaka gundi.

Siku ya mungu, ile ya Jumapili, kisha misa kuisha, sale ilijaa. Balifunga madirisha na mashuka. Mama alikaa mustari ya mbele, juu alijua atamuona tena mutoto wake: mu Parti ya Kwanza kulikuwa picha yake ku meza, na mishumaa.

Filimu ikaanza na jeep ya prezida. Jeep inaingia mu lango. Jeep inatoka mu lango. Jeep inaingia tena, tunaona upande ingine. Majina ikaandikwa: shukrani kwa prezida ya koperative, mufazili. Kisha pastere na kositimu, suti mupya, anaomba mbele ya ukuta. Kisha musichana na viatu birefu anakimbia mu barabara, anaanguka, anasimama, nywele haikubomoka. Bile njo byote bipya. Ninasema mbele ya Mungu: jeep, kositimu, na viatu. Ilikuwa kazi ya mchana moja, na kwa kivuli ya jeep, yenye inabadilika ghafula, ninaona balipumzika kukula.

Byote byengine ilikuwa kilio yangu.

Muyomba akaruka lupango. Batu bakapiga makofi, sawa banamuona rafiki wa zamani. Kisha jeep ikapita. Muyomba akaruka tena.

"Huyu tata si alikuwa amekwisha kukimbia?"

"Alirudia kutafuta mboga."

Kisha bakamugeuza, akaruka toka kushoto. Kisha bakamurudisha nyuma, akaruka kwa mugongo, na bukari ikabakia mu sahani. Muyomba mwenyewe, mwenye alikuwa pembeni yangu, akasema kwa sauti ndogo: "Ata mi nimechoka." Popo moja ya kuchora ilikuwa inapita kila mara toka pembe moja kwenda ingine, mupaka mama mumoja akauliza kama haina batoto ba kuangalia ku nyumba. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya batu bakavu. Koro ilikuwa inaimba bila sauti, na juu yao kicheko ya mwanamuke, ile ile kicheko, inaisha, inaanza. Jirani mwenye alikuwa Kifo mu parti ya kwanza aliuawa mu parti ya kwanza, mu parti ya pili akafwa tena ku ile ile ukuta, na akasimama mu sale kulalamika: "Na mi nilikuwa huru! Bangeniita, ningekuya!"

Shangazi yetu mumoja, mwenye alikuwa amefariki kwa kweli kati ya zile parti mbili, alipita ku ukuta na sinia ya chai, anatabasamu. Batoto bake balianza kulia. Pale njo mi nilianza kuona kama si muchezo.

Kisha ikafika pale nilikwisha kueleza. Balitoa koro. Balitoa maneno yangu. Bakaweka ile sauti ya pipa mu mudomo yangu. Na nyuma ya mama, pale penye buti nyeupe ilikuwa, bakaweka moshi. Moshi mingi, ya kijivu, inatembea penye prezida anatembea, inasimama penye anasimama. Ni moshi ya kwanza mu dunia yenye iko na miguu.

Mukingoja niseme filimu ni mubaya, nimesema. Ni mubaya. Ni mubaya kupita shimo. Lakini filimu ya ovyo haiue mutu. Mama hakuamini popo. Hakuamini mvua. Aliamini kitambaa yake. Siye bote tumekomaa na ile sheria: ya ku video ya kilio ni kweli. Kilio ilikuwa ya kweli, mikono ilikuwa yake, mudomo ilikuwa yangu na ilikuwa inaongea. Basi maneno yenye ilitoka mule, kwa yeye, njo yenye nilisema wakati giza ilimukamata. Na zile nyundo zote nilimugongea ku ringi, ilikuwa mulozi anamubembeleza.

Kesho yake nilienda kwa kameramani, ku studio yake pembeni ya soko. Alikuwa anapiga arusi picha: bibi-arusi mbele ya maporomoko ya maji ya kuchora.

"Tata!" akasema. "Uliona? Sale ilijaa!"

"Nani aliweka ile sauti mu mudomo yangu?"

"Tata, ile ni montaji, kukata na kuunganisha. Ni sanaa. Ata weye hukuwa na macho nyekundu, si kweli?"

"Sauti yangu ya kweli iko wapi?"

"Iko. Mi sifute kitu. Iko mu karte ya kamera, na kelele yote, mupaka kuku." Akapanga pazia ya bibi-arusi. "Lakini tata, siwezi. Pastere alinunua. Na mi ningeacha ile maneno yako, unasikia? Ni bizuri, unalia bizuri. Ni prezida njo aliikaa pembeni yangu ku kompyuta. Akasema: 'Pale huyu anaongea, weka ingine. Na pale niko mi, weka moshi.' Yeye njo mufazili. Mi ni kidole tu."

Bibi-arusi akageuza kichwa. "Papa, mi ninasimama huku na viatu hii mupaka saa ngapi?"

Kwa pastere nilifika wakati ya maombi ya kupiga adui. Akanitia mu biro, ofisi yake. "Ndugu, usichukue kwako. Ule si weye. Ule ni mutu wa filimu."

"Eko na sura yangu."

"Sura ni ya Mungu."

"Basi Mungu aniambie juu ya nini banasema nimekula mutoto wa mutu."

Akanishauri kusamehe. Nilimuambia, kama kuko kitu ya kusamehe, basi kuko kitu yenye balifanya. Akaangalia saa.

Kwa prezida sikuingia. Mulinzi wa lango, ile ile lango ya ku filimu, aliniambia prezida eko safari. Jeep ilikuwa inaonekana chini ya mulango ya kuingizia gari. Nilimuonyesha. Akasema: "Ile ni jeep ya picha."

Kazi yangu pa mubeluko ikapoa. Bateja bengine bakaanza kusukuma baiskeli na tairi imelala mupaka kwa muzibaji wa mbele. Bamotari, bale bale ba "Mufu, weka hewa", banapita upande ingine. Siogope ile. Nimekwisha kukuwa maskini mbele, ninajua njia. Lakini mama alihamisha dumu yake ya munkoyo. Anauzishia ng'ambo ya barabara sasa, mugongo kwangu.

Nilivuka. Nilimuambia yote: prezida alikuwa nyuma yake, buti nyeupe, maneno yangu, mashini, moshi, kila kitu. Alisikiliza. Alikuwa anafuta kikombe moja muda yote. Kisha akasema:

"Yako ni mudomo. Yao ni video. Kama ulisema mutoto wangu alikuwa anagonga, iko mule. Nionyeshe."

"Banaificha, mama."

"Basi si mi wa kukuamini. Ukinionyesha, nitasikia. Ukinionyesha, nitajua ni nani alimuacha chini. Kama ni weye, nitajua. Kama ni ule, nitajua. Usikuye tena na ufunguo yako."

Na hakuna kitu alisema yenye haikuwa haki. Eko na mutoto mwenye alikuwa anagonga, na anaombwa achague kati ya mulozi na moshi.

Njo maana ninaandika, mi mwenye sikusoma, na ninabataja bote batatu, bajijue.

Weye kameramani: karte iko kwako, ulisema na mudomo yako, mbele ya bibi-arusi. Si ya pastere. Uliipiga mu kiwanja yangu, familia yangu ilikuita, na kilio ni ya benye kulia. Ilete ku ile ile sale, ku ule ule ukuta, siku ya mungu kisha misa, na sauti yake yote, koro, kuku, na mi. Usikate.

Weye pastere: ambia bakristo bako barudie bote, benye balicheka na benye balipiga kelele. Na pale unaruka nyuma ya bafle, paache mule mule. Tulikusamehe ile zamani.

Na weye prezida, weye njo ninangoja. Ikaa mustari ya mbele, pembeni ya mama, bila moshi. Sikiliza vile nilikuambia. Kisha simama, umuangalie usoni, umujibu ni juu ya nini mashini yako ilifunga udongo juu ya mutoto wake mwenye alikuwa anagonga.